Mita Tatu Kamili

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, katika chumba cha katekisimu pale Pinga, Papa Sekretere aliweka rula ya mbao juu ya meza na kutangaza kwamba kazi imeanza. Saa hiyo ninaijua kwa sababu aliitazama kwenye mkono wake, akaitamka kwa sauti, akaiandika katika daftari la kikundi cha akina mama na kupiga mstari chini yake. Dakika alikuwa akiziheshimu sana. Kabla ya saa sita mchana, mtu huyohuyo alikuwa amepoteza mita kumi na robo za kitambaa bila hata uzi mmoja kutoka nje ya chumba kile, na mama yangu alikuwa amepoteza njia ya kumfikia mtoto wake.

Nimeyakumbuka kwa sababu ya harufu. Mwezi uliopita niliingia katika duka moja la vitenge hapa Goma. Kijana wa duka akafungua piesi mpya mbele yangu, na ile harufu ya wanga na ya rangi ambayo bado haijaonja maji ikanipanda puani. Piesi ni kitenge kizima, kama kinavyotoka kiwandani. Nikamuuliza urefu wake.

"Yadi sita, Mama. Ni kama metre sita tu."

Nikatoa utepe wangu kwenye mkoba, nikapima mbele yake: mita tano na sentimita arobaini na tisa. Kijana akacheka.

"Mama uko mwalimu?"

Mimi si mwalimu. Shule niliiacha darasa la tano, na yote ninayoyajua zaidi ya hapo nimejisomea mwenyewe, polepole, katika vitabu vilivyochanika jalada. Lakini ninatembea na utepe kama wengine wanavyotembea na rozari, na sababu yake ni hayo maneno mawili, "ni kama".

Watu wa rika langu mnajua tunavyoishi. Bomba la maji tunaliomba kwa inchi na urefu wake tunautaja kwa mita. Mbao zinazoteremka kutoka misitu ya Walikale zina urefu wa futi na unene wa sentimita. Televisheni ni ya inchi thelathini na mbili, meza ya kuiweka ni ya sentimita sitini, na fundi aliyeichonga meza hajawahi kujiuliza kama kimoja kitakaa juu ya kingine. Hakuna anayeona aibu. Ukiuliza, unaambiwa unasumbua watu. Ninawadharau kwa utulivu, bila hasira, na dharau hiyo ina mahali ilipoanzia.

Tulikuwa tumekimbia vita kutoka kwetu Kibabi, nikiwa na miaka tisa. Baba hakuwepo tena. Mama alibeba sufuria, jembe na nusu gunia la maharage, mimi nilibeba mkeka, na mdogo wangu Baraka, wa miaka mitatu, alikuwa mgongoni mwa binti wa mjomba wetu. Mahali njia inapogawanyika risasi zilisikika, watu wakakimbia kila upande, na binti yule akashika njia ambayo sisi hatukuishika. Tulifika Pinga tukiwa wawili.

Miezi miwili baadaye habari ikaja. Baraka alikuwa hai. Binti wa mjomba alikuwa amemwacha kwa mkunga mmoja katika parokia ya ng'ambo, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu, kisha yeye mwenyewe akaendelea na safari na watu wengine. Mkunga alituma maneno machache ya kumwita mama: "Mama yake akuye mwenyewe. Mutoto huyu sitamupa muntu mwingine." Hakuna aliyemlaumu. Siku zile watoto walipita mkono hadi mkono na wengine hawakuonekana tena.

Tatizo lilikuwa kizuizi. Kati ya Pinga na parokia ile palikuwa na mti uliolazwa juu ya mapipa mawili matupu, na wanaume wenye bunduki ambao siwataji jina kwa sababu wenyewe walilibadilisha mara tatu. Kupita kulikuwa na bei. Kwa mtu wa hapo bei ilikuwa ndogo. Kwa mkimbizi ilikuwa dola kumi, na kabla ya dola kumi kulikuwa na maswali: umetoka wapi, mume wako yuko wapi, unakwenda kwa nani. Mama alikuwa na uwezo wa kuyajibu maswali. Dola kumi hakuwa amewahi kuzishika kwa mkono mmoja.

Lakini sikukuu ya parokia ya ng'ambo ilikuwa inakaribia, na padri alikuwa amezungumza na mkubwa wa kizuizi. Walikubaliana kwamba akina mama wa kikundi cha Pinga watapita pamoja, bure, bila kuulizwa lolote, mradi wote wawe wamevaa kitambaa kimoja ili wahesabike haraka. Mama arobaini wa kitambaa kimoja. Kwa hiyo kitenge kile hakikuwa pambo. Mwanamke aliyekivaa alikuwa amevaa ruhusa yake ya kupita.

Mama akaandikishwa. Mchango ulikuwa dola mbili kwa kila mtu, na dola mbili hizo alizipata kwa siku kumi na sita za kulima mashamba ya wenyeji. Jina lake likawa la thelathini na nane katika orodha. Wengine watatu wa Kibabi walikuwa namba thelathini na saba, thelathini na tisa na arobaini. Usiku alikuwa akikunjua shati dogo la Baraka alilolibeba kutoka nyumbani, analiangalia, analikunja tena.

Vitambaa vililetwa na Papa Kambale, Mkatoliki wa Butembo aliyekuwa na duka Pinga. Bidhaa zake zilibebwa mgongoni kwa siku nyingi kutoka mahali gari lilipokomea, na hata hivyo hakuwa mtu wa kuongeza bei bila sababu. Alileta piesi ishirini, kila moja dola nne, jumla dola themanini. Mama arobaini mara dola mbili ni dola themanini. Hesabu ya pesa ilikuwa safi. Kila piesi ilikuwa imebandikwa karatasi ndogo ya dhahabu iliyoandikwa 6 YDS.

Lazima nieleze Papa Sekretere alikuwa nani. Kikundi kilikuwa cha akina mama, lakini katibu wake alikuwa mwanamume, kwa sababu alikuwa na kalamu. Alisoma miaka miwili ya sekondari zamani, na miaka hiyo miwili aliivaa kila siku kama koti. Alipenda kusema "kwa usahihi". Alikuwa ameazima kutoka shule ya msingi rula ya mita moja, ya mbao, yenye rangi ya njano, ile ambayo walimu huitumia ubaoni na migongoni. Rula haikuwa na kosa. Ninataka hilo lieleweke. Niliipima baadaye, nikiwa mkubwa, na ilikuwa mita moja kamili.

Asubuhi ile chumba kilijaa. Akina mama walikaa kwenye mabenchi, wengine dirishani. Mama yangu alisimama nyuma karibu na mlango, mahali ambapo wakimbizi husimama.

"Banamama, mutulie!" Papa Sekretere alisema. "Sita kwa piesi. Piesi moja, mama mbili. Kila muntu metre tatu. Tatu kamili, kwa usahihi."

Mama Riziki, mwanamke mnene wa Pinga aliyekuwa akiuza mawese, alikuwa ameshika karatasi ya dhahabu na kuigeuzageuza.

"Papa, na hii maandiko nyuma ya sita? Inasema nini?"

Papa Sekretere aliichukua, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Y, D, S," akasoma. "Njo jina ya kampuni, Mama. Kampuni yenye ilitengeneza."

"Ah. Iko kampuni."

"Kampuni kubwa."

Akina mama wakatikisa vichwa. Mtu mwenye kalamu alikuwa amesema.

Mama Riziki hakukaa chini. "Basi, Papa, tukunje tu mbili, tupasule. Saa hii hii tunamaliza."

Ndivyo wanawake wetu wanavyogawa kitenge tangu kitenge kilipofika. Wawili wanashika ncha na kuzikutanisha. Wa tatu anatafuta mahali kilipojikunja, anauma ukingo kwa jino, na kitambaa kinapasuka moja kwa moja kwa sauti inayosikika hadi barabarani. Nusu ni nusu. Hakuna anayeuliza urefu, na hakuna anayepata zaidi ya mwenzake.

Papa Sekretere alitabasamu kama anayemhurumia.

"Mama Riziki, hapa si sokoni. Hapa hatupime na meno."

Kicheko kikazuka. Mama Riziki naye akacheka, akajifunika mdomo, akakaa. Sijui kama ninyi mmewahi kuona jambo sahihi likiuawa kwa kicheko kidogo. Mimi nililiona siku hiyo, na nilicheka pamoja nao.

Alihitaji mtu wa kushika ncha ya kitambaa kwenye mwanzo wa rula. Nilikuwa mbele kabisa, kwa udadisi tu, nikinusa wanga.

"Wee mutoto, kuya hapa. Shika. Vuta, usiachilie."

Nikashika. Nilijivuna sana. Alipima mita moja, akatia alama ya chaki, ya pili, ya tatu, akakata kwa mkasi. Kipande cha mita tatu alikiweka kulia. Kilichobaki alikikunja na kukiweka kushoto, bila kukipima, kwa sababu sita kutoa tatu ni tatu. Akafanya hivyo kwa piesi zote ishirini. Mikono yangu iliuma, lakini nilivuta.

Kisha akaita majina. Namba moja hadi ishirini walichukua vipande vya kulia, wakavinusa, wakavifunga kifuani, wakapiga vigelegele. Ilipofika namba ishirini na moja, mtu mmoja dirishani alisema kwamba vile vya kushoto navyo vipimwe, ili kusiwe na maneno. Papa Sekretere akasema hiyo ni haki. Nikashika tena ncha. Mita moja. Mita mbili. Rula ya tatu ilipowekwa, kitambaa kiliisha kabla ya kuifikia nusu yake.

"Mbili na arobaini na tisa," alisema. Akapima upya. "Wee mutoto, vuta! Haukukula?"

Nilivuta hadi vidole vikawa vyeupe. Arobaini na tisa. Akachukua kingine, arobaini na tisa. Kingine, hivyohivyo.

Hapo mtu mwenye akili ya kawaida angesimama na kufikiri. Vipande ishirini vilivyopungua kiasi kilekile, sentimita hamsini na moja kila kimoja, si wizi na si ajali. Mwizi hakati kwa usahihi wa namna hiyo. Ilikuwa dhahiri kwamba neno lililoandikwa kwenye karatasi na neno lililosemwa mdomoni yalikuwa vipimo viwili tofauti. Lakini Papa Sekretere alikuwa mtu wa kuandika, na kufikiri kulikuwa kazi ya wengine.

"Huyu mutoto wa Kibabi havute," alisema kwanza, mbele ya wote. Nikatazama nyuma, mlangoni. Mama alikuwa ananitazama.

Kisha akatuma Papa Kambale aitwe. Alikuja na sandali zake na penseli sikioni, akasikiliza, akazihesabu karatasi za dhahabu.

"Papa, nilinunua sita, nimeuzisha sita. Sita njo sita."

"Haiko sita! Umekata nusu metre kwa kila piesi!"

"Nikate ya nini? Piesi zilikuwa zimefungwa na kampuni. Weye mwenyewe ulizifungua."

"Basi zimeenda wapi?"

"Mimi najua chumvi na sabuni, Papa. Ile ya kupima njo kazi yako."

Wote wawili walikuwa wakisema walichokijua, na wote wawili hawakujua kitu. Tofauti ni kwamba Papa Kambale alikiri. Papa Sekretere alitaja kizuizi, akataja bunduki, akasema mambo haya yanaweza kufika mbali. Papa Kambale akaenda kuleta gunia la chumvi kama faini ya wizi ambao haukutokea. Chumvi hiyo iliwekwa nyumbani kwa katibu kwa usalama. Ilikuwa salama sana, kwa maana hakuna mama wa kikundi aliyewahi kuionja.

Mama Riziki alisimama tena. "Papa, hii ya mbili na nusu inatosha. Fundi atajua namna. Utupe tu hivi hivi."

Ilikuwa mara ya pili asubuhi ile anasema jambo sahihi. Mara hii alijibiwa kwa kanuni.

"Sare njo sare, Mama. Padri ameandikiwa metre tatu. Hatuwezi kuwa na mama ya tatu na mama ya mbili na nusu. Watasema tunabagua."

Ili asibague, alifanya hivi. Alichukua vipande vinne vya kushoto akavikatakata. Kila kimoja kilitoa vipande vinne vidogo vya sentimita hamsini na moja, jumla kumi na sita. Kila kidogo kiliunganishwa na kipande kimoja kati ya vile kumi na sita vilivyobaki, ili kifike mita tatu kamili. Kwa hiyo mama ishirini walipata kitambaa kizima, mama kumi na sita walipata kitambaa chenye mshono unaokata maua katikati, na mama wanne hawakupata. Hiyo ndiyo iliitwa sare.

Wanne hao hawakutafutwa. Walikuwa mwisho wa orodha.

"Bale bane ba Kibabi batangojea mwaka kesho," alisema, akiandika.

Kilibaki kipande kidogo kwa kila kipande kilichokatwakatwa, sentimita arobaini na tano. Kwa ukarimu alimpa kila mmoja wa wale wanne kipande chake, cha kufunga kichwani, na kwa sababu walikuwa wamepokea kitu, akaeleza, mchango wao haungerudishwa. Mama alikuja mbele kutoka mlangoni. Alikipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Aksanti, Papa." Kwa neno hilo sijawahi kumsamehe mtu yule, ingawa hakuwa yeye aliyelisema.

Papa Sekretere akaitazama saa na kuandika kwamba mkutano umefungwa.

Sasa niseme nilichokielewa mimi, mtoto. Nilielewa kwamba sikuvuta. Kitambaa kilikuwa sita, kila mtu mkubwa alisema ni sita, na mikononi mwangu kikawa tano na kitu. Niliamini kwamba katika kila piesi nilikuwa nimeachilia nusu mita kwa uvivu, kwamba urefu ni kitu kinachokaa ndani ya kitambaa kama maji, na mtoto dhaifu akikishika vibaya kinavuja. Mara ishirini nilikivujisha. Kwa hiyo Baraka hakuja kwa sababu yangu. Sikumwambia mama. Jioni nilichukua mkeka wetu, nikafunga ncha moja kwenye mguu wa kitanda cha jirani, nikauvuta kwa nguvu zangu zote kuona kama utaongezeka.

Mama Riziki alikuja kabla ya safari. Alikuwa mmoja wa wale wenye mshono.

"Dada, mimi nitaenda pale kwa mukunga. Nitamuomba mutoto."

"Hatakupa," mama alisema.

"Unipe alama. Kitu chako."

Mama hakuwa na kitu ila lile shati dogo, na hilo hakutaka kuliachilia. Akampa kile kipande cha sentimita arobaini na tano, ili mkunga aone kwamba mama wa mtoto naye ni wa kikundi, wa kitambaa kilekile. Alfajiri tulisimama kando ya njia tukawatazama wakipita, thelathini na sita, kwa mstari, wakiimba. Kizuizini, tuliambiwa baadaye, mtu mwenye bunduki alihesabu hadi thelathini na sita, akauliza wengine wanne wako wapi, akaambiwa hawana nguo. Akacheka, akainua mti. Wangekuwa arobaini, hata nusu yao wakiwa na mita mbili na nusu, wangepita arobaini. Hakuwa na rula.

Walirudi siku ya nne. Mama Riziki alikuja kwetu moja kwa moja, miguu imejaa vumbi, mgongo mtupu.

"Nimemuona. Ananenepa. Iko na kidonda kidogo ku goti, kinapona. Nilionyesha kitambaa. Ule mukunga alisema: mutoto hapewe kwa kitambaa, mama yake akuye."

"Na kitambaa?"

"Alibaki nacho. Mutoto alikishika, akakataa kukiachilia."

Mama akauliza goti la kulia au la kushoto. Hilo tu.

Wiki iliyofuata vita vilishuka kati ya parokia zile mbili. Kizuizi hakikuwa na bei tena, kwa sababu hakuna aliyefika hapo. Njia ilifungwa kwa miezi kumi na mmoja.

Katika miezi hiyo nilipata daftari. Lilitoka Uganda, Papa Kambale alikuwa analiuza lakini panya walikuwa wamekula kona yake, kwa hiyo alinipa bure. Nyuma ya jalada kulikuwa na majedwali ya hesabu, kwa Kiingereza, lugha nisiyoijua. Nilijua namba tu. Nilinakili kila mstari kwa kijiti cha mkaa, bila kuelewa, hadi siku nilipoona herufi tatu ambazo nilizijua vizuri. Baada ya namba palikuwa na YDS. Kampuni kubwa, ndani ya jedwali la hesabu, kati ya futi na maili.

Ilinichukua wiki tatu. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa zamani, mgonjwa wa miguu, aliyekaa karibu na dispansari na aliyejua Kiingereza kidogo. Alinieleza kwamba yadi ni kipimo, na kwamba ni fupi kuliko mita kwa karibu sentimita tisa. Nikarudi nyumbani nikazidisha. Sentimita tisini na moja na kidogo, mara sita. Mita tano, arobaini na nane. Nikatoa tatu. Mbili na arobaini na nane, na ile kidogo ikaifanya karibu na arobaini na tisa. Nikaikagua mara nne, nikitafuta mahali nilipoachilia. Hapakuwepo.

Nilimkuta mama akipepeta maharage, nikamweleza yote, chaki, vidole, mkeka kwenye kitanda cha jirani. Nilikuwa nalia. Aliendelea kupepeta hadi nikamaliza.

"Ulibeba hii mwaka mzima?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilijua siku ile ile. Kukunja mbili ilikuwa inatosha." Akapuliza makapi. "Lakini nani anamusikiliza mama wa Kibabi?"

Nilikwenda pia kwa Papa Sekretere na karatasi yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Aliisoma, akairudisha, akasema kwamba tofauti ya yadi na mita ni ndogo sana na watu wenye elimu hawaijali. Ni kama sawa, alisema. Aliendelea kuwa katibu hadi alipozeeka, na alizikwa kwa heshima, kwa hotuba tatu.

Njia ilipofunguka, mama alikwenda mwenyewe. Mtu wa kizuizini alikuwa mwingine na hakuuliza kitu. Akarudi na Baraka akitembea kwa miguu yake, mrefu, anayejibu kwa adabu. Mama alilitoa lile shati dogo alilolitunza, akamjaribishia. Lilifika juu ya kitovu. Baraka alikuwa amevaa kaptula ya maua iliyoshonwa vizuri kwa mkono, na mimi niliyatambua maua yale kabla sijaukumbuka uso wake. Sentimita arobaini na tano zilikuwa zimetosha kaptula ya mtoto wa miaka minne, na mkunga alikuwa ameacha pindo la kuongeza.

Alikaa karibu nami mlangoni, mgeni mtulivu, akimtazama mama akiwasha moto. Kisha akaninong'oneza:

"Dada, tutarudia kule kwa mama saa ngapi?"

Mama alisikia. Hakugeuka. Aliendelea kupuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka.

Nimefanya hesabu hii mara nyingi, na ninaiandika hapa kwa mara ya mwisho. Piesi moja, dola nne, mita tano na sentimita arobaini na tisa. Zikikunjwa mara mbili, kila mama angepata mita mbili na sentimita sabini na nne, wote arobaini, bila mshono, na mama yangu angevuka na wenzake wiki moja kabla ya vita kushuka. Kilichokosekana ili kipande kifike mita tatu kamili za Papa Sekretere kilikuwa sentimita hamsini na moja. Kwa bei ya Papa Kambale, hizo ni senti thelathini na saba.